Ipi itumie bila presha, ipi ibanie: maji, naitrojeni, fosforasi, kaboni na madini

Shuleni tulikaririshwa kwamba rasilimali ziko za aina mbili, zinazojirudisha na zisizojirudisha, maji na miti upande huu, mafuta na madini upande ule, unajibu mtihani unaenda zako. Sasa ukiubeba huo mgawanyo mzima mzima kwenye maisha unaweza kujikuta unabania kitu ambacho dunia inakirudisha ndani ya wiki mbili, afu unamwaga bila hofu kitu kitakachorudi baada ya miaka milioni kadhaa. Maana ukiangalia kwa muda mrefu karibu kila kitu kinarudi, hata petroli inaendelea kujitengeneza huko chini ya miamba saivi hivi, ila kwa mwendo ambao hautamsaidia hata kitukuu wako. Kwaiyo mimi nikilinganisha nauliza maswali mawili tu: inachukua muda gani kurudi, na ikirudi inarudi palepale ilipotoka au inaenda kutua kwingine kabisa. Hilo la pili watu wanalisahau sana na ndo lenye uzito, subiri tufike kwenye fosforasi utaelewa.

Na tukumbuke dunia haiongezewi mzigo. Mwanga wa jua unaingia kila siku, lakini vitu vyenyewe ni vilevile vya tangu na tangu, ukiacha vumbi la vimondo linalodondoka na gesi nyepesi kidogo zinazotoroka huko juu. Nishati inapita, vitu vinazunguka.

Maji ya mvua au maji ya kisima kirefu?

Maji kwa ujumla wake hayaishi, tuanzie hapo. Tone likipanda angani linakaa wastani wa siku 9 hivi kabla halijashuka tena. Mto unabadilisha maji yake kwa wiki au miezi. Likiingia baharini hapo ni safari nyingine, wastani miaka 3,000 ndo litoke, na likiganda kwenye barafu ya Antaktika linaweza kulala miaka laki kadhaa. Cha kufurahisha ni kwamba jua likivuta maji kutoka baharini linaacha chumvi na uchafu wote chini, yaani ni mtambo wa kuchuja wa bure unaofanya kazi kila siku bila fundi.

Shida ni kwamba maji yasiyo na chumvi ni kama 2.5% tu ya maji yote duniani, na zaidi ya theluthi mbili ya hiyo ni barafu. Sehemu kubwa ya yanayobaki iko chini ya ardhi, na hapo sasa ndo pa kulinganisha vizuri, kwa sababu "maji ya chini" siyo kitu kimoja. Yale ya juu juu yanajazwa na mvua ya msimu huu na uliopita. Yale ya kina kirefu sehemu nyingine ni ya kale kabisa, kwa mfano ile hazina iliyo chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad, maji yake mengi yaliingia huko enzi ambazo Sahara ilikuwa inapata mvua na ina nyasi na maziwa. Mvua hiyo haipo tena. Libya walitandika mabomba makubwa kuyavuta mpaka pwani kuanzia miaka ya 1980, na kila lita inayotoka haina mbadala unaoingia. Mvua ni mshahara, yale ya kale ni urithi, vyote unaweza kutumia ila kimoja tu ndo kinaingia tena mwisho wa mwezi.

Afu kuna hasara ambayo haionekani kwenye bomba. Ukivuta maji ya chini kupita kiasi, tabaka za udongo wa mfinyanzi zinajikandamiza na ardhi inashuka, Mexico City imezama mita kadhaa kwa sababu hiyo. Zikishabanana hivyo, hata mvua ije ya mafuriko, ile nafasi ya kuhifadhi maji haipo tena.

Lakini nisiwadanganye, maji ya juu juu nayo yana ubaya wake. Yanavyojazwa haraka ndivyo yanavyochafuka haraka, choo cha shimo kikiwa karibu au mbolea ikimwagwa kwa fujo shambani unavinywa hivyo hivyo. Yale ya kina yamechujwa na miamba, kwaiyo mara nyingi ni salama zaidi kwa vijidudu, ingawa miamba mingine inayatia floraidi au chumvi. Ningekuwa na vyote viwili ningemwagilia, kufulia na kufanyia usafi kwa maji ya mvua, na yale ya kina ningeyaacha kwa ajili ya kunywa na kwa miaka ya ukame, basi. Kumwagilia nyasi za mapambo kwa maji ya miaka elfu kumi ni matumizi ya kipuuzi, sina namna ya kulisema kwa upole.

Naitrojeni au fosforasi: ipi ikutie wasiwasi?

Hapa ndo utamu ulipo. Kwenye mfuko wa mbolea zimekaa pamoja, N na P, bega kwa bega, mtu anaona ni ndugu. Wala hazifanani.

Naitrojeni ni 78% ya hewa unayovuta. Iko kila mahali, ila atomi zake zimeshikana mbili mbili kwa kifungo kigumu mno na mimea haina uwezo wa kukifungua. Wanaokifungua ni wachache: radi, na bakteria, hasa wale wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde. Binadamu tuliingia kwenye hiyo orodha juzi tu, mkemia Mjerumani Fritz Haber alionesha njia mwaka 1909 na Carl Bosch akaifanya ya kiwandani, kiwanda cha kwanza kikaanza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Inakadiriwa karibu nusu ya watu duniani wanakula chakula kinachotegemea naitrojeni iliyopitia huo mtambo, kwaiyo anayesema mbolea ya kiwandani ifutwe kesho asubuhi aseme na nani hatakula.

Na ikishatumika inarudi. Kwenye udongo uliojaa maji kuna bakteria wengine wanaifungua na kuirudisha hewani ikiwa gesi ya kawaida, na kwa kuwa hewa iko kila mahali, iliyopotelea kwenye shamba moja inaweza kunaswa kwenye shamba la upande wa pili wa dunia. Hakuna atakayekosa naitrojeni eti imeisha. Tatizo lake ni mawili: kuitengeneza kunakula nishati nyingi, gesi asilia hasa, kwenye joto la nyuzi 400 na zaidi na mgandamizo mkubwa sana, halafu inavuja. Nyingine inashuka na maji kuingia visimani na mitoni, nyingine inageuka gesi ya oksidi ya naitrasi ambayo kwa miaka 100 inapasha dunia joto kama mara 270 kuliko hewa ukaa kwa uzito uleule.

Fosforasi sasa. Hii haina gesi. Kwenye mazingira ya kawaida hairuki hewani, inasafiri kwa maji, kwa vumbi na kwenye matumbo ya wanyama na ndege, basi. Inatoka kwenye mwamba unaomomonyoka polepole, inaingia kwenye udongo, kwenye mmea, kwenye mfupa, kwenye kinyesi, na ikiponyoka inaelekea mtoni kisha baharini na kutua chini kwenye mashapo. Kutoka hapo njia ya kurudi ni moja, sakafu ya bahari iinuliwe iwe nchi kavu, na hiyo ni kazi ya mamilioni ya miaka. Na hata ikirudi hairudi kwako, inarudi kwa yeyote atakayekuwa juu ya huo mlima.

Zamani ndege wa baharini walikuwa wanairudisha kidogo, wanakula samaki wanakunya kisiwani, ikarundikana kwa maelfu ya miaka. Tukaichimba. Nauru ni nchi ya kisiwa kimoja kidogo, katikati yake kumekwanguliwa kukabaki mawe matupu yaliyochongoka kwa sababu ya fosfeti, yaani fosforasi ikiwa kwenye mwamba. Leo takriban 70% ya akiba inayojulikana duniani inahesabiwa Moroko pamoja na Sahara Magharibi, yaani petroli imetawanyika kuliko hii. Na haina mbadala, imo kwenye DNA, imo kwenye mifupa, hakuna mmea wala mnyama anayeishi bila hiyo.

Kuna kisa kimoja huwa kinanifurahisha. Kaskazini mwa Chad kuna bonde la Bodélé, sakafu ya ziwa lililokauka, upepo unabeba vumbi lake na la Sahara kwa ujumla kuvuka Atlantiki nzima mpaka msitu wa Amazon. Wanasayansi waliotumia setilaiti walitoa makadirio mwaka 2015 kwamba vumbi hilo linapeleka fosforasi kama tani 22,000 kwa mwaka, karibu sawa na inayooshwa na mvua na mafuriko kutoka huo msitu. Jangwa linaulisha msitu. Ila ona bahati iliyotumika hapo, upepo ule, ziwa lile kukauka, njia ile ya anga, mimi na wewe hatuna bonde letu la Bodélé.

Kwaiyo kwenye kuchagua: naitrojeni ukipungukiwa una njia ya kuinasa upya, panda mikunde. Ila usipande kwa jina tu, maharage ya kawaida ni wavivu kidogo kwenye kunasa, soya na kunde wako vizuri zaidi, na ng'oa mche mmoja upasue kinundu, kikiwa na wekundu au pinki ndani kinafanya kazi, kikiwa cheupe au kijani hamna kitu. Na ukivuna punje zote ukaondoa na majani, naitrojeni nyingi umeondoka nayo, usiseme mikunde imekudanganya.

Fosforasi hainaswi kutoka popote, hii ni kurudisha na kuzuia isiondoke. Inaondoka hasa ikiwa imegandia kwenye chembe za udongo, kwaiyo kila tuta la kuzuia mmomonyoko ni la kuzuia fosforasi pia, na ukizingatia sentimita moja ya udongo inachukua mamia ya miaka kujitengeneza, unaokoa viwili kwa jembe moja. Kwenye udongo mwekundu wenye asidi unaweza kukuta ipo tele lakini imekamatwa na chuma na aluminiamu, hapo kuongeza mfuko mwingine siyo jibu la kwanza, anza kurekebisha asidi na kuongeza mboji, na kuna fangasi wa mizizi wanaoifuata mbali ambako mzizi haufiki. Samadi, mifupa iliyosagwa, mkojo, vyote vina fosforasi. Hennig Brand wa Hamburg aliigundua mwaka 1669 akichemsha mkojo kwa ndoo na ndoo akitafuta dhahabu, dhahabu hakupata ila kitu alichokipata kiling'aa gizani.

Kama mtu ananilazimisha nitaje rasilimali moja ya kubania kuliko zote ambazo watu hawazifikirii, ni hii.

Mabaki ya mimea: choma, ozesha, tandaza au peleka kwenye biogesi?

Sasa ukishaelewa tofauti ya hizo mbili, swali la nini cha kufanya na majani na mabua linakuwa jepesi. Ukichoma, naitrojeni karibu yote inapanda hewani na kaboni nayo, inayobaki kwenye majivu ni fosforasi, potashi na chokaa. Kwaiyo majivu siyo takataka, yana thamani yake kwenye udongo wenye asidi, ila umelipa gharama kubwa kuyapata na upepo mmoja ukija umeyakosa.

Lundo la mboji linatunza vingi zaidi ingawa siyo vyote, zaidi ya nusu ya kaboni inaondoka maana wale vijidudu nao wanapumua, na naitrojeni kidogo inatoka kama amonia ile inayochoma pua. Siri ni uwiano, kaboni sehemu 25 mpaka 30 kwa naitrojeni sehemu 1, yaani makavu mengi na mabichi kiasi. Ukijaza vumbi la mbao tupu litakaa miaka na ukilichanganya shambani litanyonya naitrojeni ya mimea yako kwanza. Ukijaza mabichi tupu yaliyolowa litanuka na kutoa gesi ya methani. Likienda vizuri linapanda mpaka nyuzi 55 hadi 65 katikati, hapo mbegu za magugu na vimelea vingi vinakufa. Kazi ya kugeuza ipo, mgongo utajua.

Kutandaza juu ya udongo na kuondoka ndo njia ya msitu wenyewe, hakuna anayegeuza lundo msituni, nyungunyungu na mchwa na fangasi wanashuka nayo taratibu. Haiui magugu kwa joto na magonjwa ya mmea yanaweza kubaki kwenye mabua, lakini inafunika udongo, inazuia jua na mvua kuupiga, na kazi yake ni ndogo. Biogesi, yaani kuozesha kinyesi na mabaki kwenye tanki lililofungwa ukapata gesi ya kupikia, ni nzuri kuliko zote kwa mwenye mifugo, unapata moto na tope linalotoka bado lina naitrojeni na fosforasi karibu yote, ila bila kinyesi cha kila siku na maji ya kutosha ni tanki la mapambo.

Mwenye mifugo na maji aende biogesi. Mwenye nguvu na mabaki yenye magonjwa aozeshe kwa joto. Wengine wote tandaza. Kuchoma kubaki kwa yale yenye ugonjwa usiokufa kwa mboji.

Kuni, mkaa, gesi

Hapa naenda kinyume na kitabu kidogo. Kimakundi kuni inajirudisha na gesi haijirudishi, kwaiyo kuni ndo chaguo, si ndiyo? Inategemea. Mti unarudi kwa miaka kumi au arobaini, makaa ya mawe mengi yalianza kama misitu ya kinamasi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, tofauti hiyo haina mjadala. Ila mti unarudi kama umeuacha urudi. Mkaa wa matanuri ya kienyeji unapoteza zaidi ya nusu ya nishati ya mti hata kabla haujafika jikoni, na ukiwa umetoka kwenye msitu uliofyekwa ukageuzwa shamba, hapo hakuna kilichojirudisha. Kati ya mkaa wa namna hiyo na gesi ya mtungi, mimi nachukua gesi, na mapafu ya anayepika nayo yanapiga kura hapo hapo. Kuni za matawi yaliyopogolewa au miti iliyopandwa kwa kazi hiyo, kwenye jiko zuri lenye bomba la moshi, zinaishinda gesi.

Kuna hoja huwa inaletwa kwa kujiamini: mimea inavuta kaboni kama tani bilioni 120 kwa mwaka, sisi tunachoma za chini ya ardhi kama bilioni 10 tu, tatizo liko wapi? Liko hapa, zile 120 zikiingia karibu 120 zinatoka, kupumua na kuoza, hesabu inafunga. Hizi 10 hazikuwa kwenye mzunguko. Bahari na mimea vinabeba karibu nusu, inayobaki inakaa juu, ndo maana hewa ukaa imetoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda mpaka zaidi ya 420 saivi. Kazi ya kuirudisha yote kwenye mwamba dunia inaijua, ila ni ya miaka laki na laki.

Chuma, aluminiamu, kioo, plastiki

Hizi nazipitia haraka maana asili hapa inakusaidia kidogo sana, wa kuzungusha ni wewe. Miamba mikubwa ya chuma ilijipanga kama miaka bilioni 2.5 iliyopita, vijidudu vilianza kutoa oksijeni na chuma kilichoyeyuka baharini kikapata kutu kikazama, na kwa kuwa bahari ya leo ina oksijeni, hilo halitatokea tena. Kutu ya bati lako inarudi kweli ardhini ila imetawanyika, haichimbiki.

Aluminiamu ndo ya kwanza kuokota, kuyeyusha iliyotumika kunatumia kama 5% tu ya nishati ya kuitoa kwenye mwamba, na ubora haushuki. Shaba ni hivyo hivyo, inarudiwa bila kuchoka. Chuma kinavutwa na sumaku kwaiyo kukitenga ni rahisi. Kioo kinarudiwa milele ila nishati inayookolewa siyo kubwa sana na ni kizito kusafirisha, ndo maana chupa ya kuosha na kujaza tena inaishinda chupa ya kuyeyushwa. Plastiki kila ukiirudia inachoka. Vigumu zaidi ni vifaa vyenye kila kitu kidogo kidogo, simu ina madini ya aina kadhaa kwa vipande visivyoonekana, hapo bora kuitumia miaka mingi kuliko kutegemea atakuja mtu kuyachambua.

Kuna moja ambayo haiko kwenye mzunguko wowote. Heliamu, ile gesi ya kupaisha maputo, inatengenezwa taratibu na urani na thoriamu, madini ya mionzi, atomi zake zinapovunjika chini ya ardhi, inanaswa pamoja na gesi asilia, na ikitoka hewani ni nyepesi kiasi kwamba mwishowe inatoroka dunia kabisa, hairudi kwa mvua, kwa mwamba wala kwa ndege. Hospitali zinaihitaji ikiwa kimiminika cha nyuzi 269 chini ya sifuri kupoza mashine nyingi za MRI, zile za kupiga picha za ndani ya mwili. Maputo ya sherehe jazeni hewa ya mdomo, hayatapaa lakini kamba na dari vipo.